Chopsi za nguruwe ndani ya rojo la vitunguu: mwongozo kwa anayepika soul food mara ya kwanza

Maswali ni yaleyale. Rojo limeingia mabonge, nifanyeje? Nyama imekuwa ngumu kama kandambili, nimekosea wapi? Unga unatiwa mwanzo au mwisho? Na lile lisilokosekana: kitimoto nimezoea kuikaanga nikala na ndizi, hii ya Wamarekani Weusi inapikwaje? Nimechoka kujibu mmojammoja, kwa hiyo naandika yote hapa. Ukiulizwa na mwenzako, mpe hii.

Chakula chenyewe Marekani wanakiita smothered pork chops, na ni moja ya soul food, yaani mapishi ya jadi ya Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini. Ni vipande vya nguruwe vyenye mfupa, vinapakwa viungo na unga, vinakaangwa vikashika rangi, kisha vinarudishwa kulala ndani ya rojo zito la vitunguu mpaka nyama ilegee. Rojo hilo wao huliita grevi. Usilichanganye na mchuzi wetu: humu hakuna nyanya hata moja, wala tui. Uzito wake unatokana na unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, na ladha yake inatokana na ukoko unaoganda chini ya kikaango. Neno hilo, ukoko, lishike vizuri. Nitalirudia mpaka ulichoke.

Nilifundishwa na bibi mmoja jirani yangu nilipokuwa naishi Chicago. Alikuwa mzaliwa wa Mississippi, na familia yake ilihamia kaskazini katika lile wimbi la Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 walioondoka majimbo ya kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970. Jikoni kwake hakikuwepo kipimo hata kimoja. Vipimo utakavyovikuta humu ni vyangu. Nilivipata kwa kusimama ubavuni mwake na kikombe, nikipima alichokishika mkononi kabla hajakitumbukiza kwenye kikaango. Alivumilia, ila alinicheka sana.

Jina soul food lilishika miaka ya 1960, lakini mapishi yenyewe ni ya zamani kuliko jina. Enzi za utumwa, posho ya mtumwa kule kusini ilikuwa hasa unga wa mahindi na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Nguruwe walichinjwa baridi ikishaingia, kwa sababu friji hazikuwepo, na nyama nyingi ilikaushwa kwa chumvi na moshi ili ifae mwaka mzima. Nyama mbichi ililiwa siku chache tu za msimu huo. Hata leo kwa wengi chopsi ndani ya rojo ni chakula cha Jumapili, cha baada ya kanisa.

Nyama kwanza, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu

Ukifika bucha ukasema tu "nipe kilo moja ya kitimoto", utakatiwa vipande vya kukaanga na pishi limeishia hapo hapo. Mwambie unataka chopsi zenye mfupa, zikatwe unene wa sentimita 2 na nusu, yaani kama upana wa kidole gumba cha mwanamume. Zile nyembamba zinazopangwa kwenye trei za supamaketi hazifai kwa kazi hii. Zitakauka kabla rojo halijaanza kuwa rojo.

Kuna chopsi za mgongo na kuna za bega. Za mgongo zinapendeza machoni: mnofu mweupe safi, mafuta pembeni tu. Za bega zinaonekana kama ovyo, mafuta yamepita katikati na nyuzi zimekatiza huku na huku. Chukua za bega. Zile nyuzi zikipata moto mdogo kwa saa nzima zinayeyuka na kulainisha nyama yote, na rojo linapata ule mnato wa kushika midomo. Mnofu wa mgongo hauna cha kuyeyusha, kwa hiyo kadiri unavyouchemsha ndivyo unavyokauka. Kama umekosa bega, tumia mgongo, ila fuata muda nitakaoutaja mbele.

Angalia nyama kabla ya kulipa. Ukiona ndani ya mnofu vijipovu vyeupe kama punje za mchele, hao ni tegu wa nguruwe. Rudisha, na usirudi kwenye bucha hilo. Nunua penye nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Nguruwe wa kuchinjiwa uani kwa jirani ni rahisi, lakini hajakaguliwa na mtu.

Vitu vingine vya kuandaa (walaji 4)

- Chopsi 4, jumla kama kilo moja
- Vitunguu maji vikubwa 2, vikatwe vipande virefu vyembamba
- Pilipili hoho 1 ya kijani na bua 1 la seleri (ukikosa seleri, endelea bila hiyo)
- Kitunguu saumu punje 4, zipondwe
- Unga wa ngano mweupe nusu kikombe
- Mafuta ya kupikia nusu kikombe
- Supu ya kuku au ya mifupa isiyo na chumvi vikombe 3, iwe vuguvugu
- Chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, pilipili manga kijiko 1 cha chai, paprika kijiko 1 cha chai, kitunguu saumu cha unga kijiko 1 cha chai, pilipili kali ya unga kiasi cha kubana kwa vidole viwili
- Thaimu (thyme) kavu nusu kijiko cha chai na jani 1 la bei (bay leaf)

Kuhusu mafuta: jirani yangu alikuwa na kopo pembeni ya jiko lake la mafuta yaliyochujika kutoka kwenye bekoni, na hakupika rojo bila hayo. Alizeti inafaa kabisa. Ukiwa na mafuta ya nguruwe mwenyewe, changanya nusu kwa nusu.

Kuhusu supu: vidonge vya supu vya dukani vina chumvi nyingi. Ukitumia kimoja, punguza chumvi ya kwenye nyama iwe nusu.

Chombo kinachofaa ni kikaango kizito cha chuma chenye mfuniko, au sufuria nzito yenye kitako kipana. Flampeni isiyogandisha haifai. Kazi yake ni kuzuia ukoko usigande, na sisi ukoko ndio tunaoutafuta.

Hatua kwa hatua

1. Toa nyama kwenye friji nusu saa kabla. Ifute kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni mpaka isiwe na majimaji. Nyama yenye maji haikaangiki. Inachemka, inageuka kijivu, na hakuna ukoko. Kisha chanja ule ukingo wa mafuta sehemu mbili tatu kwa ncha ya kisu. Usipochanja, ukingo hujikunja motoni, chopsi inabinuka kama bakuli na katikati haigusi kikaango.

2. Changanya chumvi na viungo vya unga, gawanya mafungu mawili. Fungu kubwa lipake kwenye nyama pande zote, dogo lichanganye kwenye unga wa ngano. Acha nyama ikae hiyo nusu saa. Kosa la hapa ni kutia viungo vyote kwenye unga na kuiacha nyama tupu. Ukila utapata ganda lenye ladha na mnofu usio na habari.

3. Gandamiza kila chopsi kwenye unga, geuza, kisha ikung'ute. Unga ubaki kama poda usoni, si kama plasta ukutani. Panga kwenye sahani usubiri dakika 10 ili unga ushike. Unga uliobaki usiutupe, pima vijiko 3 vya chakula uviweke pembeni. Umegusana na nyama mbichi, ni kweli, lakini utakaangwa na kutokota muda mrefu.

4. Pasha mafuta kwa moto wa wastani. Dondosha chembe ya unga: ikichemka papo hapo, mafuta yako tayari, ikizama kimya, subiri. Kaanga chopsi mbili mbili, dakika 3 hadi 4 kila upande, mpaka zipate rangi ya kahawia. Ukijaza zote 4 kwa pamoja moto unapoa na nyama inatoa maji. Ukitaka kugeuza ikang'ang'ania, iache kidogo. Rangi ikishatimia itajiachia yenyewe. Ndani bado ni mbichi, na ndivyo inavyotakiwa. Zihamishie kwenye sahani yenye kina, maana majimaji yatakayochuruzika tutayahitaji.

5. Zima moto. Mwaga mafuta kwenye bakuli la bati, ubakize vijiko 3 vya chakula. Sasa inama uangalie kitako cha kikaango. Ukoko wa kahawia ni mali, usiuguse. Ukoko mweusi unaonuka moto ni sumu ya rojo: futa wote, anza na vijiko 3 vya mafuta mapya. Mimi siku moja nilijifanya sijauona weusi, nikamwagia supu yote juu yake. Wageni walikula wali mkavu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

6. Rudisha moto wa wastani, tia vitunguu, hoho na seleri pamoja na chumvi kidogo sana. Vitunguu vitatoa maji, na maji hayo ndiyo yanayobandua ukoko. Kwangua kitako kwa mwiko wa mti huku ukigeuza. Nenda nao taratibu dakika 10 hadi 12, mpaka vilainike na kuanza kushika rangi. Watu wengi huishia dakika 3 kwa sababu ya njaa, na rojo lao linakuwa na harufu ya kachumbari. Kitunguu saumu kitie dakika ya mwisho, kinaungua upesi.

7. Nyunyiza vile vijiko 3 vya unga juu ya vitunguu, usivimwage mahali pamoja. Koroga bila kuondoka dakika 4 hadi 5. Mwanzoni itakuwa kama tope la kubandika. Usiogope, endelea. Unatafuta rangi ya siagi ya karanga na harufu kama ya karanga zinazokaangwa. Louisiana wanasonga mbele hadi rangi ya chokoleti. Ukijaribu hivyo, ujue kwamba unga ukizidi kukolea rangi nguvu yake ya kuzidisha uzito hupungua, hivyo utahitaji unga zaidi. Kwa mara ya kwanza ishia kwenye karanga.

8. Tia supu upawa mmoja. Koroga mpaka tope na supu viwe kitu kimoja laini, ndipo utie upawa wa pili, na wa tatu. Baada ya hapo unaweza kumimina iliyobaki. Usimwage vikombe vyote 3 kwa mkupuo: mabonge yanazaliwa hapo, si kwingine. Tia thaimu na jani la bei, uache litokote dakika 3. Kwa sasa liwe jepesi kuliko unavyotaka kulila. Litakaa motoni zaidi ya saa nzima.

9. Rudisha chopsi na majimaji yote yaliyochuruzika kwenye sahani. Rojo lifike karibu na mgongo wa nyama, na vitunguu vingine uviteke uvilaze juu yake. Funika, punguza moto mpaka uone povu moja moja likipanda kivivu. Bega: saa 1 hadi saa 1 na nusu, ukigeuza mara moja katikati. Mgongo: dakika 25 hadi 30, basi. Kila baada ya dakika 15 pitisha mwiko chini, kwa sababu rojo la unga hupenda kushika kitako. Anayepika kwa mkaa aondoe makaa mengi abakize machache. Moto wa mkaa ukiusahau unatokosa kama wa maharage, na nyama inakakamaa.

10. Bega limeiva pale uma unapoingia na kutoka bila kubishana. Onja rojo sasa, ndipo uongeze chumvi kama inahitajika. Toa jani la bei, zima, funua, uache dakika 10. Rojo likipoa kidogo linazidi kuwa zito, kwa hiyo usihukumu uzito wake likiwa linachemka.

Wenye kipimajoto cha nyama huniuliza nyuzi ngapi. Wizara ya Kilimo ya Marekani tangu 2011 inasema vipande vizima vya nguruwe vifike sentigredi 63 na kupumzishwa dakika 3. Hicho ni kiwango cha chini, kwa njia yoyote ya kupika. Bega lililolala saa nzima kwenye rojo linalotokota limepita hapo mbali sana, kwa hiyo kipimajoto kiweke kabatini.

Cha kulia

Wali mweupe ndio wa kwanza, na usiuunge kwa chochote, rojo linatosha. Viazi vya kupondwa pia. Kule kusini wanakula pia na grits, uji mzito wa mahindi yaliyosagwa chenga, na ugali laini unafanya kazi hiyohiyo bila kuona aibu. Pembeni huwekwa majani wanayoyaita collard, na hayo kwa Mkenya si mageni hata kidogo: ni jamaa mmoja na sukuma wiki. Tofauti ni kwamba wao huyapika saa nzima na kipande cha nyama ya moshi, wakati sisi tunayageuza dakika 5. Bamia na kunde utavikuta kwenye meza hizo pia, na vyote viwili asili yake ni Afrika.

Kwa wasiokula nguruwe, hakuna sababu ya kukaa pembeni. Mapaja ya kuku yenye mfupa yanafuata hatua hizi hizi, dakika 40 hadi 45 kwenye rojo. Mabawa ya bata mzinga ndani ya rojo ni soul food halisi kabisa, ila yape saa 2. Ile nyama ya moshi kwenye majani nayo Wamarekani Weusi wengi siku hizi wanatumia ya bata mzinga.

Mambo yakiharibika

*Rojo lina mabonge.* Toa nyama, pitisha rojo kwenye chujio la waya ukisukuma kwa mwiko, kisha urudishe vitunguu na nyama. Kupigapiga kwa uma hakusaidii, utayafanya mabonge madogo zaidi.

*Ni jepesi kama supu.* Funua utokose dakika 10. Bado? Changanya siagi kijiko 1 na unga kijiko 1 vikavu mpaka viwe bonge laini, ukamege kidogo kidogo ndani yake huku ukikoroga. Usinyunyize unga mkavu moja kwa moja. Utarudi kwenye swali la kwanza.

*Limekuwa zito kama uji wa mtoto.* Supu au maji ya moto, robo kikombe kwa mara moja.

*Lina ladha ya unga mbichi.* Uliharakisha hatua ya 7. Liache litokote taratibu dakika 15 zaidi. Ladha hiyo hupungua, ingawa haiishi kabisa.

*Mafuta yanaelea juu.* Hukumwaga mafuta ya kutosha hatua ya 5, au bega lilikuwa na mafuta mengi. Yateke kwa kijiko. Ukiwa na muda, liache lipoe, mafuta yatajikusanya yenyewe.

*Chumvi imezidi.* Kile kipande cha kiazi unachoambiwa utumbukize kinafyonza rojo pamoja na chumvi yake, kwa hiyo chumvi iliyobaki ni ileile kwa uwiano. Ongeza supu isiyo na chumvi na vitunguu vingine, au kula na wali mwingi usiotiwa chumvi.

*Unga wote umebanduka kwenye nyama.* Nyama ilikuwa na maji, au hukusubiri zile dakika 10, au uligeuza mapema. Rojo halijaharibika, limejipatia unga wa ziada tu.

*Nyama ni ngumu.* Uliza kwanza ulipika kipande gani. Kama ni bega, halijaiva. Funika, ongeza nusu saa kwa moto mdogo. Kama ni mgongo, limepita, na halirudi. Lichambue nyuzinyuzi, ulichanganye ndani ya rojo, uwape watu na wali, usiseme kitu.

*Limebaki, na kwenye friji limeganda kama jeli.* Hiyo ni dalili njema, ni zile nyuzi za bega zilizoyeyuka. Linakaa siku 3 hadi 4. Lipashe kwa moto mdogo na maji vijiko 2 au 3, ukifunika, usilikoroge sana vitunguu visisagike. Asubuhi wao huchovya humo mikate yao midogo ya magadi. Mimi nachovya chapati.